Mafuta ya Nazi kwenye Mashine ya Ami

Treni kutoka Tabora, ndege kutoka Dar, kisha gari: hivyo ndivyo nilivyofika Ibra, Oman, kwa Ami Seif, mdogo wa marehemu baba. Alinipokea kama mtoto, ingawa nina mvi.

Ami ana mashine ya mkono ya kujazia maganda ya risasi, moja moja. Mashine za kasi hataki. Anasema haraka ni ya vijana. Idi ilipokaribia, akijiandaa kushindana shabaha na mashemeji zake wa Sur, mashine ikawa inalia kila akivuta mpini wake. Nikataka kumfurahisha. Alipokwenda kuswali, niliimiminia mafuta yangu ya nazi ya nywele, kama bibi alivyozoea kufanya kwa cherehani. Ikanyamaza. Ami akajaza risasi zake, ameridhika.

Uwanjani akalenga. Tik. Akatia nyingine. Tik.

“Ya Seif, leo Idi, mbona bunduki yako bado imefunga?” shemeji mmoja akamtania.

Mafuta yalikuwa yameingia kwenye fataki, vile vidude vya kitakoni mwa risasi vinavyowasha baruti, na kuziharibu. Ami akaitoa risasi, akainusa. Kisha akanivuta shingo, akaninusa kichwa mbele ya wanaume wote.

“Wallahi,” akasema, huku akicheka mpaka machozi, “ni huyu huyu.”