Nyota Nilizoogopa Kufuta

Miaka ile ya tisini, hapa Kakamega, niliamini kabisa kwamba ukifuta alama moja tu ndani ya kompyuta, ndege huanguka Ulaya. Halafu nikapata kibarua chuoni: kusafisha mwongozo wa programu ya bure, ile iliyotengenezwa na watu wa dunia nzima na kugawiwa kwa disketi. Mwongozo wenyewe ulikuwa umeandikwa na kompyuta bila mkono wa mtu, na kila ukurasa ulijaa alama za nyota na mabano kama siafu waliovurugwa. Wanafunzi walitakiwa kuusoma Jumatatu. Nikishindwa, kibarua kimeota nyasi. Nilifuta nyota moja, nikatokwa jasho la kujaza pipa, nikairudisha. Redio ya bawabu ikianza taarifa ya habari, moyo unasimama.

Ijumaa mwalimu wa kompyuta akachungulia. "Kijana, mbona hujafuta kitu?"

"Madamu, naogopa ndege."

Hakucheka, na hapo ndipo nilipoona kibarua kimekwenda. Alivuta kiti, akafuta nyota zote za ukurasa ule, kisha akaifungua programu. Ikafanya kazi.

"Haya ni maelezo tu," akasema. "Programu iko kwenye faili nyingine. Wewe futa."