Shukrani Kabla ya Matokeo

Kama kushukuru kungelipwa mshahara, Mama Mbombo wa mtaa wa Kikula angekuwa tajiri kuliko wakurugenzi wote waliopata kuishi Likasi. Hakuna jambo aliloliacha lipite bila shukrani. Mtoto akiota jino, shukrani. Jino liking'oka, shukrani tena. Umeme wa bwawa la Koni ukirudi baada ya siku nne, alisimama kanisani Jumapili akamshukuru Mungu kwa mwanga. Ukikatika Jumatatu alishukuru vilevile, kwa kuwa redio ya jirani ilikuwa imenyamaza. Waumini wenye njaa walijifunza kumtazama Mchungaji Zéphirin kwa macho ya kuomba msaada kila mama huyo aliposhika benchi ili ainuke, na mchungaji naye alijifunza kutazama dirishani.

Tusimcheke sana. Miaka ile kushukuru ilikuwa kazi ngumu, na yeye aliifanya bila likizo. Kiwanda alichofanyia kazi mumewe kilikuwa kimezimika, na mume huyo, Baba Kalombo, karani wa ghala aliyezoea kufunga tai, sasa alikuwa akienda upande wa Mulungwishi kuchoma makaa, akirudi baada ya majuma mawili na kukohoa masizi. Mama Mbombo alishukuru kwamba amerudi na miguu yake yote miwili. Miaka miwili nyuma, wenzao wengi wa asili ya Kasai walipofukuzwa mkoani wakapanda treni na magodoro yao, wao walilala stesheni majuma saba wakingoja nafasi, nafasi isipatikane, wakarudi Kikula na sufuria kichwani. Hilo nalo alilitolea ushuhuda: Bwana ndiye aliyeijaza ile treni. Baba Kalombo alikuwa na maoni mengine kuhusu treni ile, lakini alikaa nayo moyoni, maana nyumba yao ilikuwa ndogo na maoni ya mkewe yalikwisha kuijaza.

Shukrani kubwa kuliko zote alikuwa bado anaingoja. Binti yake wa mwisho, Josée, msichana mwembamba wa miaka kumi na tisa, mwimbaji wa kwaya na mzito wa kusema, alikuwa amefika darasa la sita la sekondari. Katika ukoo mzima, tangu babu aliyeletwa na kampuni kuja kuchimba shaba, hakuna aliyewahi kupata diploma ya serikali. Mama Mbombo mwenyewe aliachia la nne, mama yake alipohitaji mikono miwili zaidi sokoni. Sasa aliitaka karatasi ile kwa uchu ambao hata mbele za Mungu aliupunguza kidogo alipousema. Alikuwa ameshachagua mahali pa kuitundika ukutani, na msumari alikuwa ameshaupigilia.

Mtihani wa serikali ulikuwa wa siku nne, na aliyekosa siku moja alikuwa sawa na aliyekosa zote. Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Alfajiri ya siku ya tatu Mama Mbombo aliamka anatetemeka mpaka meno yanagongana. Josée, aliyekwisha kuvaa shati lake jeupe na sketi ya buluu, alisita mlangoni. Mama akamwambia aende zake, aliyeshika jembe haangalii nyuma. Baada ya hapo hakumbuki kitu.

Alipozinduka jua lilikuwa ukutani, na ilikuwa siku ya nne. Yuko kitandani, amefunikwa vizuri, jagi la maji kando yake, nyumba kimya. Homa imekwisha. Masikio yanalia kama kengele za mbali, na kwenye mkono wa kushoto kuna alama ndogo nyeusi isiyokuwepo jana. Mtu mwingine angeuliza maswali. Mama Mbombo hakuwa mtu wa maswali. Josée aliporudi kutoka kwenye mtihani, kabla hata hajaweka kalamu chini, mama alikuwa ameshamsimulia muujiza wote: jinsi alivyokuwa peke yake, jinsi malaika walivyoimba, jinsi Bwana alivyomshika mkono akamrudisha kutoka njia ya kaburini. Msichana alitazama jagi. Aliuliza tu kama amekunywa maji.

Jumapili ushuhuda ulitolewa mbele ya kanisa zima. "Ile siku nilikuwa peke yangu," alisema Mama Mbombo. "Bwana yangu ku kuchoma makala, mutoto ku examen. Hakuna muntu. Mungu yeye peke njo alinishika, ku huu mukono." Akapandisha mkono wa blauzi watu waone. Mama mmoja wa benchi la mbele, aliyewahi kufagia zahanati, alimnong'oneza mwenzake kwamba siku hizi Bwana naye anatumia sindano. Lakini aleluya ilikuwa imeshapanda, na ilipofika zamu ya kwaya Josée aliimba sauti yake ya kwanza bila kukosea.

Mambo yangeishia hapo kama Mchungaji Zéphirin asingehubiri, mwezi wa nane, juu ya kushukuru kwa imani. Alifundisha kwamba anayeshukuru baada ya kupokea ana adabu tu, hata mpagani anafanya hivyo. Mwenye imani hushukuru kabla. Mama Mbombo aliyasikia mahubiri hayo kama nguo iliyokatwa kwa kipimo chake. Jumapili iliyofuata alifika na kuku watatu na beseni la mahindi, akamsimamisha mumewe na bintiye mbele ya madhabahu, akamshukuru Mungu kwa diploma ya Josée kana kwamba iko mkobani. Josée alilia mpaka kola ya shati ikalowa. Mama yake akashukuru na kwa machozi hayo.

Si kwamba msichana hakujaribu. Jioni moja alianza kusema, mama, ule mtihani, mimi siku ile... Mama akamkata: ndani ya nyumba hii halitamkwi neno la kushindwa, ulimi huua. Baba Kalombo naye alimuuliza faraghani kama aliandika vizuri. Josée akajibu kwamba maswali yote aliyoletewa aliyajibu. Ilikuwa kweli tupu, na baba akalala salama.

Matokeo yalisomwa redioni. Mtaa mzima ulijaa uani kwa jirani yao Albert, mwenye redio ya betri, na betri zenyewe zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Shule ya Josée ikatajwa, majina yakaanza kutoka moja moja, na kila jina lilizua kelele na poda ya pongezi. Waliokuwa na poda waliwamwagia watoto wao poda. Wasio nayo walimwaga unga wa mahindi, unga ambao kesho yake wangeutafuta. Jina la Josée halikusomwa. Mama Mbombo hakuondoka. Alisikiliza shule iliyofuata, akasikiliza miji mingine, akasikiliza mpaka redio ikaingia kwenye matangazo ya vifo, na huko pia alitega sikio.

Kesho yake alipanda shuleni akiwa amejifunga kitambaa cha maombi, tayari kupambana na shetani yeyote wa ofisini. Hakumkuta. Alimkuta mkuu wa shule, mzee mchovu, ambaye alimfungulia karatasi ya mahudhurio bila ubishi. Mbele ya jina la binti yake palikuwa na sahihi, sahihi, pengo, sahihi. Siku ya tatu hakuwepo, mama, alisema, na sasa ni mpaka mwakani.

Mama Mbombo aliteremka Kikula akiwa na swali moja, na jibu lake alikuwa nalo tayari. Msichana wa miaka kumi na tisa akipotea siku nzima, hakupotelea kwenye kuchuma mboga. Alimkuta Josée anamenya viazi vitamu, akamuuliza siku ya tatu alikuwa wapi. Josée, bila kuinua kichwa, alisema alikuwa na kazi. Kazi! Mama hakungoja zaidi. Hasira ilimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na aibu: kuku watatu, madhabahu, kanisa zima. Alizunguka soko akimuuliza kila mwenye meza nani alimwona binti yake siku ile. Muuza samaki wakavu akakumbuka kumwona asubuhi na mapema, anakimbia kwenda kwa Papy.

Papy! Mwanaume wa miaka thelathini, hana mke, anasukuma mkokoteni wa kukodisha kwa mikono yake minene. Mama Mbombo alimkuta anapakia magunia, akamwambia mbele ya watu yeye ni nani, baba yake ni nani, na moto gani unamngoja. Papy aliweka gunia chini akasikiliza mpaka mwisho, kwa sababu alilelewa vizuri.

"Ile siku ya tatu ya examen," mama alimalizia, "mutoto wangu alikuwa na weye?"

"Alikuwa na minye, mama. Tangu asubuhi mpaka saa kumi."

Watu walisogea karibu. "Mulikuwa munafanya nini?"

"Tulikuwa tunasukuma pousse-pousse. Yeye mbele anavuta, minye nyuma. Tulienda ku dispensaire, kisha tukarudi."

"Mulikuwa munabeba nini?"

Papy alimtazama kama mtu anayedhani anataniwa. "Weye, mama," alisema. "Weye njo ulikuwa ndani."

Akamweleza yote, polepole, maana sasa mama alikuwa amekaa juu ya gunia. Josée alifika kona ya barabara ya shule, akasikia mama yake anapiga kelele kwa Kiluba akimwita marehemu bibi, akarudi. Zahanatini walimtundikia mama dripu ya kwinini, ila hapakuwa na cha kuitundikia, basi Josée aliishika ile chupa juu kwa mkono, saa nne nzima, akichoka mkono huu anabadili huu, kalamu ikiwa bado mfukoni mwa shati. Kengele za masikioni zililetwa na kwinini, kila anayeinywa anazijua. Mama Mbombo aliuliza kwa nini hakuna aliyemwambia.

"Alinikataza," alisema Papy. "Alisema ushuhuda ya mama iko muzuri, nisiiharibu."

Njiani kurudi alipitia kwa mchungaji, kwa mazoea tu. Mchungaji Zéphirin alimsikiliza mkasa wote, kisha akasema ushuhuda unaweza kubaki ulivyo, kwani Mungu hutumia vyombo, na hakuna haja ya kulichanganya kundi. Mama Mbombo alisema Jumapili atasimama alichanganye. Aliondoka bila kusema amina, jambo ambalo mchungaji hakuwahi kuliona.

Nyumbani Josée alikuwa amekwisha kusonga bukari, ugali wa mahindi. Ilikuwa mezani na sombe ya majani ya muhogo, inatoa mvuke, na wao wawili tu, baba yuko kwenye makaa. Mama Mbombo alinawa, akakaa. Alikuwa na maneno ya kushukuru jua na mvua, na treni iliyojaa, na jino la mtoto; maombi yake ya chakula yalianzia uumbaji, na kwa kawaida bukari ilikuwa imeota ngozi kabla hajafika kwenye sombe. Lakini kumwambia mtu aliyeketi mbele yake, mwenye jina na kucha zenye unga, hakuwahi kujifunza. Aliona haya kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Akaanza kwa namna aliyoijua. "Aksanti," alisema, na Josée, kwa kusikia neno hilo, aliinamisha kichwa na kufumba macho, akajiweka sawa kwa safari ndefu.

"Fungula macho, mwanangu," alisema Mama Mbombo. "Ni weye niko naambia."

Josée alifungua macho, akangoja maneno yaliyobaki. Hayakuwepo. Mama yake alikuwa analia bila sauti, amemsogezea sahani, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile, walikula bukari ikiwa bado ya moto.