Gitaa la Wafula

Nakumbuka alasiri moja pale Soko la Toi, mwanangu, enzi za kanda. Nilikuwa nimemaliza shule ya upili juzi juzi tu na nilijiona mjuzi wa muziki. Rafiki yangu Wafula alipiga gitaa la besi katika bendi ya roki, na albamu yao ilikuwa imetoka. Santuri yenyewe hatukuwa nayo. Tulisikiliza kanda iliyonakiliwa kutoka kanda nyingine, nayo ilinakiliwa kutoka nyingine tena, kwa redio ndogo yenye betri tulizozianika juani zipate nguvu kidogo.

Kilichosikika ni mwimbaji na matoazi, basi. Mbele ya vijana wote nikasema, "Wafula, wewe kwa hii bendi ni kama kiti. Wakikutoa, nani atajua?"

Walicheka. Yeye pia alicheka, lakini mwaka haukuisha kabla hajaacha bendi. Akaenda kuchomelea milango Kawangware. Hakushika gitaa tena, nami sikumuuliza kwa nini. Nilijua.

Juzi mjukuu wangu Achieng alinivisha hedifoni hapa nyumbani, katika mtaa wetu wa Raila.

"Babu, cheki hii ngoma yenu ya kitambo. Wameifanyia rimasta."

"Wameimba upya?"

"Zii. Wametoa ile kanda ya kwanza ya studio, wakaisafisha. Hakuna kitu wameongeza."

Ikabidi nikae kitandani. Chini ya wimbo niliodhani naujua palikuwa na besi, inatembea kama mtu anayepita gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe, hagongi kitu. Mwimbaji alipochelewa, ilimngoja. Ngoma zilipotaka kukimbia, ilizishika. Miaka yote nimeupenda wimbo ule bila kujua kwamba aliyeubeba ni Wafula.

Kesho yake nikaenda kwake na simu ya Achieng, pamoja na spika yake ndogo.

"Mzee wa Raila," Wafula akasema mlangoni, "umekuja kuona kama kiti bado kipo?"

Nikamwomba msamaha, tena kwa sauti ya juu, maana kelele za kazi zimemmaliza masikio. Nikawasha spika. Hakusikia. Akaweka kiganja juu ya spika apate mtetemo wake, akafumba macho, na vidole vya mkono wa pili vikaanza kutembea juu ya goti, sambamba kabisa na besi.

"Ni mimi," akasema. "Rudisha mwanzo."

Mwanangu, usipomsikia mtu katika kazi yake, usikimbilie kusema hafanyi kitu. Jiulize kwanza unamsikilizia kwenye redio gani. Na ukigundua ulikosea, nenda ukamwambie mwenyewe, upesi. Mimi nilifika akiwa amebaki na mkono tu wa kusikilizia. Mungu akupe masikio mapema, na siku utakayochelewa, akupe rafiki ambaye bado atakufungulia mlango.