Nukta ya Mjomba Siku ya Posa

Ninafundisha hesabu chuoni hapa Johannesburg, na ugonjwa wangu ni kuamini kwamba jambo lolote likichorwa vizuri litatii. Kwa hiyo siku Wakongomani walipokuja kwetu Troyeville kumposea kijana wao binti yangu, walinikuta nimeshawachora.

Niliunganisha kompyuta na runinga ya sebuleni. Katika programu ninayofundishia, sebule ilikuwa mstatili na kila mgeni nukta. Nukta ikiwa ndani ya mstatili, programu inaandika kweli. Ikiwa nje, si kweli. Yote yakiwa kweli, maneno "Posa imekubaliwa" yanajitokeza kwa kijani. Mke wangu aliniuliza kama nimelewa. Nikamwambia nataka utaratibu.

Ajabu ni kwamba wageni waliipenda. Msemaji wao, fundi cherehani wa Joubert Park aliyevaa suti aliyoishona mwenyewe, alilalamika kwamba nukta yake ni ndogo kuliko ya shemeji yake. Nikaikuza. Shemeji naye akadai. Tulipoteza nusu saa tukinenepesha nukta.

Tatizo likawa mjomba wa kijana. Kwao, mjomba asipokuwepo, posa ni mazungumzo tu. Naye alikuwa mlinzi wa duka Fordsburg, na wa kumpokea zamu hakuwa amefika.

"Eko njiani, papa," msemaji akaniambia. "Utie tu kweli."

"Njiani si ndani."

"Alishavaa viatu."

"Hata kama."

Wakanong'onezana kwa Kifaransa. Kisha wakampigia mjomba, wakaiweka simu juu ya kiti kitupu, naye akaapa kwa sauti kubwa kwamba moyo wake umeketi hapo. Kiti kilikuwa ndani ya mstatili, na simu juu ya kiti. Mimi mwenye shahada tatu nilitafuta kosa katika hoja hiyo nikalikosa. Nikaiburuta nukta. Mjomba akawa kweli, huku tukimsikia akimfokea mtu asiegeshe gari mlangoni.

Kina mama wakaanza vigelegele, vikakatika. Maneno ya kijani hayakutokea.

Nilijua kwa nini. Nikajifanya nakagua waya. Lakini binti yangu, niliyemfundisha programu hiyo tangu shule ya msingi, akaja akafungua orodha ya vitu vyote, hata vile nilivyoficha. Chini kabisa kulikuwa na kisanduku kimoja kisicho na tiki. Jina: baba. Thamani: si kweli.

Nilikiweka asubuhi ile, yeye akipiga pasi gauni lake. Sikuwa tayari aondoke. Ndiyo hivyo, na sikuwa nimemwambia mtu.

Msemaji akanitazama, nikiwa nimesimama hatua moja kutoka kwake.

"Papa ya bibi arusi eko inje?" akauliza.

Kipanya kilikuwa mkononi mwa binti yangu. Angeweza kuweka tiki mwenyewe na hakuna ambaye angemlaumu. Akanisogezea.

"Hiyo siwezi kukuwekea, Baba."

Nikakishika kwa haraka. Nikabofya mara mbili. Tiki ikaingia, ikatoka. Nikajaribu tena, ikawa vilevile. Ikabidi niiache kompyuta, nimgeukie mtoto wangu, na niseme kwa mdomo wangu mbele ya ukoo mzima kwamba nimekubali.