Mafuta Yaliyobaki

Msafisha mifupa ya wafu wa kijiji cha Lupe, huko visiwani Vava'u, hakusalimia kama watu wengine. Ukimpa mkono, kidole gumba chake kilipapasa vifundo vyako kimoja kimoja, taratibu, kama fundi cherehani anayechukua vipimo. "Usimpe mkono," majirani walitaniana, "ataanza kazi mapema." Viganja vyake vililainika kwa mafuta ya nazi, na akifukua kaburi aliimba puani wimbo wa kanisani.

Lupe alimwita kwa ajili ya sikio lake. Lilimuuma tangu Jumapili, likinguruma ndani kana kwamba lina maji, na dawa za hospitali hazikufua dafu. Kwao, mifupa ya marehemu ikisumbuliwa, ndugu yake aliye hai huumwa mahali palepale; bila shaka mzizi ulikuwa umempenya marehemu baba yake sikioni. Mzee akaondoa mchanga mweupe wa kaburi, akalipakata fuvu. "Samahani, ndugu yangu, tunakusumbua kidogo," akaliambia, kisha akaingiza kidole kwenye tundu la sikio. Wimbo ukamkatika.

"Baba yako hana neno. Nani mwingine wako amekufa?"

"Hakuna, mjomba. Mama mzima. Mume wangu yule pale anakuna nazi. Mwanangu Feleti yuko kwenye meli ya samaki."

Mzee alifukia bila kumtazama. Desturi ni kummiminia marehemu mafuta mpaka tone la mwisho, lakini yeye alimpaka baba kidogo tu, akaziba chupa, akamwekea Lupe kiganjani. Akavikunja vidole vyake juu ya chupa, na safari hii hakuvipapasa.

"Mtunzie kijana," alisema.