Kipembe cha Baba Mkwe

Mume wangu Rwegoshora hakujua kukaa. Wengine huzaliwa na kidole cha sita, yeye alizaliwa bila makalio. Ukimwekea kigoda alikikalia upande mmoja, mguu mmoja uko nje, kama mtu anayesubiri kuitwa. Akila, macho yako mlangoni. Kanisani padri akirefusha maneno kidogo tu, yeye keshatoka kuangalia kama mvua inakuja. Nimeishi naye miaka mingi hapa Nyabiyonza, na msidhani nguvu zangu ziliishia shambani. Ziliishia kumfuata kwa macho.

Porini tu ndiko alikotulia. Wenzake walisimulia kwamba aliweza kuchutama nyuma ya kichuguu tangu umande mpaka jua kali bila kujikuna hata pua. Mimi nilisikia tu, kwa sababu mke wa mwindaji haendi kuwinda.

Basi mbogo wa bonde la Kagera akamtupa. Ilikuwa mara tu baada ya vita vya Hitler, wanaume wetu waliokwenda Burma wanaanza kurudi. Mnyama alimrusha juu ya mawe, mkono wa kushoto ukavunjika vibaya, na yule aliyemfunga mifupa aliufunga ukapona umepinda. Kuinua kata ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, aliweza, hilo halikumpa taabu hata kidogo. Taabu ilikuwa gobori. Alilirithi kwa baba yake, mwindaji pia, ambaye alilipata kwa Waarabu wa Kafuro enzi za misafara. Lilikuwa refu kuliko mimi na zito kama gogo bichi, na mkono wa kushoto ndio unaobeba mtutu. Rwegoshora akilenga, mtutu ulishuka wenyewe taratibu mpaka ukawa unatazama nyasi. Nguruwe mwitu wa kwanza aliyemkosa alipita mbele yake kwa mwendo wa kwenda sokoni.

Mkuu wa wawindaji wetu alikuwa Mutalemwa, mtu mwenye mdomo. Alimwambia mbele ya watu, "Ndugu yangu, kuanzia sasa wewe utatushikia kamba za mbwa."

Kazi hiyo hupewa watoto. Rwegoshora alirudi nyumbani, hakugusa chakula, akaanza kuizunguka nyumba. Alizunguka mpaka kuku wakachoka kumkimbia. Kisha akasimama mbele yangu nikimenya ndizi.

"Mama Placida," akasema, "nisipowinda nitakufa nimekaa."

Nilijua hasemi utani.

Kesho yake akalibeba gobori kwa Kaijage, mhunzi wetu. Hoja yake ilikuwa fupi: mkono hauongezeki nguvu, basi bunduki ipunguzwe uzito. Kaijage alilipima kwa mikono, akanung'unika, akakubali. Akaukata mtutu, kipande cha urefu wa mkono kutoka kiwiko. Uliobaki akaukwangua nje kwa tupa, pande zote, mpaka unga wa chuma ukatapakaa sakafuni. Mti wa zamani, ule mgumu unaokaa begani, wakautupa, wakachonga mwingine kwa mutoma, mti tunaouambua gome la kutengenezea nguo za kale. Mutoma ukikauka ni mwepesi, hata mtoto anabeba gogo. Nilipolishika gobori jipya nilicheka, maana ningeweza kulitia kapuni pamoja na maharage.

Kaijage hakucheka. Alituita wote wawili, mimi na mume wangu, akatukalisha. Yaani mimi nilikaa.

"Sikilizeni," akasema. "Chuma nimekipunguza na mti nimeupunguza. Baruti nayo lazima ipungue. Gobori zito hulibeba teke lake lenyewe. Jepesi humpa teke mwenye kulishika. Mkitia kipimo cha zamani, kitapasuka chuma au utapasuka mti, na nyuma ya mti kuna uso wa mtu."

Kipimo cha zamani kilikuwa kipembe, ncha ya pembe ya pongo ambayo baba mkwe aliikata mwenyewe. Alikijaza baruti mpaka ukingoni, akamimina mtutuni, akashindilia, na hakuwahi kukosa. Alipofariki kilitundikwa katika kibanda kidogo nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, mahali anapokumbukwa. Kama padri alijua? Padri hakuuliza.

Kaijage akakata kipande cha mwanzi kinachoingia nusu ya kipembe. "Hiki ndicho kipimo chenu," akasema, akanitazama mimi, si mume wangu.

Hapo balaa likahamia shambani kwangu, kwa sababu bunduki mpya lazima izoezwe, na Rwegoshora aliizoeza kwa kupiga migomba yangu. Asubuhi, kabla sijachochea moto, nasikia ufito unashindilia. Anamimina baruti kwa mwanzi, anasukuma majani makavu ya mgomba, anatia risasi, anasukuma majani tena, anaweka fataki, halafu mlio. Kisha anakimbia kutazama tundu, anarudi akilaani. Risasi ilikwenda kushoto. Akabandika kipande cha shaba mdomoni mwa mtutu ili jicho lipate pa kukaa. Ikapita chini. Akakikwangua. Ikapita chini. Akabandika kingine. Hakuna mgomba uliosalimika. Nilipika ndizi huku nikitafuta risasi kwa kijiko.

"Baba Placida, unawinda wanyama au unaniwinda mimi?" nikamwuliza.

"Kesho nitamaliza," akasema. Kesho yake akaanza upya.

Lakini alifika. Siku moja aliniita, akaniwekea alama ya mkaa kwenye shina, akalenga kwa mkono ule uliopinda, na mtutu haukushuka. Alama ikatoka pamoja na gome. Nikaona furaha usoni mwake, na mimi nikafurahi, niseme ukweli, nikasahau migomba.

Wakatangaza msako wa nguruwe mwitu waliokuwa wanamaliza viazi vya watu kando ya rweya, kule mbuga ya majani inakoanzia. Siku ya msako mke wa mwindaji ana kazi moja, nayo ni ngumu kuliko kulima. Anakaa. Anakaa karibu na meko, hafagii, hatoi moto kwa jirani, hajibu ugomvi, hatoki nje ya kibanja, na jina la mume wake halitoki kinywani. Akitembea ovyo, mnyama naye hutembea ovyo, na humgeukia mtu. Ndivyo tulivyolelewa. Wifi yangu Deodatha, dada wa Rwegoshora, alikuja kukaa nami, na najua alikuja kunilinda.

Rwegoshora aliondoka mapema, akapitia nyuma ya nyumba. Nilimsikia akikohoa kule migombani na sikulitilia maanani. Nikakaa. Miguu ilikuwa inaniwasha. Nikahesabu nguzo, nikatazama paa, nikatazama ukuta, na ukutani nikauona mwanzi. Ulikuwa umetundikwa mahali pake, kwenye kigingi chake.

Kama mwanzi uko hapa, anapima baruti kwa kitu gani?

"Wifi," nikasema, "nenda kibandani ukanitazamie kama kipembe kipo."

Deodatha akaenda, akarudi taratibu. "Hakipo. Amekichukua, na amefanya vizuri. Ni bunduki ya baba. Siku ya kwanza ya kurudi porini lazima aanze kwa mkono wa baba."

Nikamweleza aliyosema Kaijage. Alitikisa kichwa. "Wifi, kaa. Ukitoka, ukimwita, nguruwe atamgeukia. Utakuwa umemuua wewe."

Sasa nanyi niambieni. Nikitoka, desturi inasema nimemuua. Nikikaa, mhunzi anasema nimemuua. Niliiheshimu desturi na ninaiheshimu hadi leo, lakini desturi ilikuwa haijauona mtutu uliokwanguliwa, na mimi nilikuwa nimeuona. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikaung'oa mwanzi ukutani. Deodatha akanishika kanga, nikamwachia kanga.

Nilikimbia na gauni la ndani katikati ya migomba na mibuni ya watu, mama wa watoto, na waliokuwa wanaanika kahawa wakasimama kunitazama. Kule chini nikasikia njuga za mbwa, na kelele za wanaume wakiwafukuza nguruwe kuelekea kwa wanaovizia. Nikamwona. Alikuwa amepiga goti nyuma ya kichuguu, ametulia kabisa. Sikuwahi kumwona ametulia vile. Gobori lilikuwa begani, shavu limelala juu ya mti wa mutoma.

Siku zile mke wa kwetu hakulitaja jina la mume wake hata chumbani. Mimi nililipaza lote, bonde zima likasikia.

"Rwegoshora! Usipige!"

Akashtuka, mtutu ukashuka. Nguruwe dume akampita karibu kabisa, majike na watoto nyuma yake, wote wakavuka mbuga wakapotea. Mbwa nao wakachanganyikiwa. Wanaume wakaja mbio na mikuki, na Mutalemwa alifika wa kwanza.

"Nyama imekwenda," akasema. "Sasa tumle nani, huyu mwanamke?"

Rwegoshora akasimama. "Umeniua mbele ya watu," akaniambia.

Nikamwonyesha mwanzi. Pumzi haikunitosha kusema zaidi. Aliutazama, kisha akatazama chini.

"Ni bunduki ya baba," akasema kwa sauti ndogo. "Nitarudije porini na kijiti kilichokatwa juzi? Nimwambie nini mzee?"

"Mwambie si yake tena," nikasema. "Mliikata."

Kaijage, aliyekuja msakoni na mkuki wake, akasogea mbele.

"Limekwisha shindiliwa?"

"Limekwisha."

"Kwa kipembe?"

"Kwa kipembe. Mpaka ukingoni."

"Basi lazima lifyatuliwe, hatuwezi kurudi nalo nyumbani hivi. Lakini si juu ya bega la mtu."

Wakaliweka kwenye panda ya mti, wakalifunga kwa magome, tako lake likielekea shina kubwa lililokuwa nyuma. Kamba ndefu ikatafutwa ya kuvutia, na iliyopatikana ilikuwa kamba ya mbwa. Mutalemwa mwenyewe ndiye aliyeifungua shingoni mwa mbwa akaileta. Rwegoshora hakukubali mtu mwingine avute. Tukalala chini wote, naye akavuta.

Mlio ule sijausikia tena. Gobori liliruka kutoka pandani, magome yakakatika. Moshi ulipoisha tukaenda kutazama. Mtutu ulikuwa mzima, na Kaijage aliupapasa kimya kimya. Lakini mti wa mutoma ulikuwa umepasuka kutoka kwenye nyundo mpaka mwisho, na kibanzi kimoja, kirefu kama kidole, kilikuwa kimezama katika shina la nyuma. Rwegoshora alijaribu kukichomoa, kikakataa. Akakigusa, kisha akagusa shavu lake mwenyewe.

Mutalemwa akakohoa, akasema labda nguruwe wale tutawapata siku nyingine. Tukarudi. Mume wangu alitangulia, mimi nyuma, na njia nzima hakugeuka.

Kaijage akachonga mti mwingine wa mutoma, safari hii akaushonea ngozi mbichi ya mbuzi, ngozi ambayo ikikauka huubana mti kabisa. Rwegoshora alikwenda kuitazama ngozi asubuhi na jioni kana kwamba itakauka kwa kutazamwa. Nyumbani alizunguka kama zamani. Kuhusu siku ile hakusema kitu. Mimi nilikasirika, tena nilikasirika sana. Asante haivunji jino. Nilimpakulia chakula bila kumtazama, na Deodatha alipokuja kunisimulia jinsi watu wa mbali huko Kayanga wanavyocheka habari za mwanamke aliyekimbia na gauni la ndani, nilimwambia awasalimie.

Msako mwingine ukatangazwa. Asubuhi yake nikawahi kukaa karibu na meko, sijafagia, mikono mapajani. Nikamsikia akizunguka nyuma ya nyumba, akikohoa kule kibandani. Nikajiambia, sikio la kufa halisikii dawa, mtu huyu amekwenda kukichukua kipembe tena.

Alikuwa amekichukua kweli. Aliingia nacho mkononi, akavuta kigoda, akakaa. Alikikalia chote, miguu yote miwili ndani. Mwanzi ulikuwa shingoni mwake umefungwa kwa uzi. Akaushika mkono wangu, akaweka kipembe katikati ya kiganja, akavifunga vidole vyangu juu yake kwa mkono wake ule uliopinda.

"Leo mzee atakaa na wewe," akasema.

Akaondoka. Nilikaa, ingawa kila mfupa wangu ulitaka kusimama. Njuga zikasikika kwa mbali, zikapotea, zikasikika tena. Kisha ukaja mlio mmoja, mdogo, mlio wa nusu ya baruti. Nikafungua mkono nikakitazama kipembe. Kilikuwa kitupu, kimeloa jasho langu.