Mwenye Pikapu Ndiye Huyu

Kwenye gereji moja Timau, nilikokuwa nikingoja gari langu, fundi alikuwa akimweleza mzee mmoja kwamba pikapu kuukuu inavuja oili, injini ishushwe, kazi ya wiki nzima. Mwenye pikapu alikuwa mke wa mzee huyo, aliyesimama pale pale bila kutazamwa. Damu ilinichemka, nikaanza kupanga hoja.

Mama huyo hakuhitaji wakili. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa leso, akakichovya tena.

"Fundi, angalia huku. Mwezi mzima imepungua hivi tu. Viazi vyangu vimeshachimbwa, ukishusha injini vitaoza. Badilisha gasketi ya juu, hiyo ingine ya chini wacha ivuje."

Fundi akamgeukia mzee. "Mzee, unasemaje?"

"Mimi? Mimi hubebwa tu pamoja na magunia!"

Gereji nzima ikaangua kicheko.

"Haya, mama," fundi akasema, hatimaye akimtazama mteja wake.

Hoja zangu bado ninazo. Anayezihitaji aniambie.